Tezi iliyokuwa inakimbia sasa imelala, na daktari hakukosea

Wiki hii naweka pembeni mada niliyoahidi, kwa sababu nimepokea barua ya kurasa tatu kutoka kwa mama mmoja wa Sirari, wilayani Tarime. Naifupisha, na jina lake nalihifadhi.

Miaka sita iliyopita moyo wake ulianza kwenda mbio akiwa amekaa tu. Mikono ikawa inatetemeka hata kushika kikombe cha chai, jasho linamtoka usiku, na kilo zikapungua mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Alipima virusi vya Ukimwi mara tatu, mara zote akakutwa hana. Akatibiwa malaria, akatibiwa presha, na kuna mzee aliyemwambia amerogwa na mke mwenza. Mwisho akafika Mwanza, akaambiwa tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, ugonjwa unaitwa Graves. Akanywa kabimazoli mwaka mmoja na nusu, akapata nafuu, akaambiwa aache. Akazaa mtoto wa nne. Mwaka huu amenenepa bila kula zaidi, anasinzia mchana, anahisi baridi jua likiwa la saa nane, na sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Amepimwa upya, ameambiwa tezi ile ile sasa inafanya kazi chini ya kiwango na atakunywa dawa nyingine maisha yake yote. Mdogo wake aliyeolewa Mugumu naye ana tezi, lakini yeye aliambiwa ni Hashimoto, na hakuwahi kusikia moyo kwenda mbio. Na sasa binti yake wa miaka 13 shingo imeanza kujaa.

Anamalizia hivi: nani kati ya madaktari hawa alinidanganya, na hii chumvi tunayokula ina nini ndani yake?

Mama, hakuna aliyekudanganya. Wote walisema kweli, kila mmoja kwa siku yake. Ila kuna jambo walipaswa kukuambia siku ya kwanza na hawakukuambia, na ndilo ninalotaka kulisemea leo. Graves na Hashimoto yana majina mawili, lakini ni watoto wa mama mmoja. Wanazaliwa nyumba moja, wanaweza kukaa ndani ya shingo moja kwa wakati mmoja, na wanaweza kupokezana. Mgonjwa asiyejua hili ataona kila jibu jipya la maabara kama uongo wa jibu la zamani, atatupa dawa, na ataenda kwa mganga mwingine.

Kabla sijaendelea, nimwondoe wasiwasi baba anayesoma hapa akidhani nazungumzia tezi dume. Hiyo iko kwingine kabisa. Hapa nazungumzia tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo chini kidogo ya kidaka tonge, yenye umbo kama la kipepeo. Wanaume nao wanayo, na nao huugua, ingawa wanawake huugua mara nyingi zaidi, kati ya mara tano na kumi.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni inayoamua mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, utumbo usage kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, mtoto akue kiasi gani. Haijiamulii yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo kama punje ya maharage inayotuma homoni inayoitwa TSH, ambayo ni kama ufunguo. Juu ya seli za thairoidi kuna vitasa. TSH ikiingia kwenye kitasa, tezi inafanya kazi. Homoni ikitosha katika damu, TSH inapungua. Ndiyo maana kwenye karatasi ya majibu TSH ikiwa juu sana maana yake kwa kawaida ni kwamba tezi imelala na inapigiwa kelele iamke, na TSH ikiwa chini sana maana yake tezi inakimbia. Watu wengi husoma karatasi hiyo kinyume, na nimewahi kuona hata muuza duka la dawa akimwambia mgonjwa "ya kwako iko juu, punguza dawa," wakati alitakiwa kuongeza.

Sasa ugonjwa wenyewe. Watu wa Tarime na Serengeti mnawajua sungusungu. Kazi yao ni kulinda ng'ombe na nyumba. Fikiria siku moja kikosi kinachanganyikiwa, kinaanza kumwona mwanakijiji mwenzao kama mwizi. Kinga ya mwili ni kikosi hicho. Kazi yake ni kupambana na vijidudu, lakini kwa baadhi ya watu inaigeukia tezi ya thairoidi. Askari wengine wanaingia wanabomoa nyumba taratibu, tofali kwa tofali, kwa miaka: hiyo ndiyo Hashimoto, na mwisho wake tezi inaishiwa nguvu. Askari wengine hawabomoi. Wanatengeneza ufunguo bandia, yaani kingamwili inayofanana na TSH kwa kazi yake, wanauingiza kwenye kitasa na kuuacha humo. Tezi inalazimishwa kufanya kazi mchana na usiku bila kusikiliza amri ya ubongo: hiyo ndiyo Graves.

Kikosi ni kimoja, na mara nyingi askari wa aina zote mbili wapo kwa pamoja. Kuna kingamwili moja ambayo maabara huiita anti-TPO. Hupatikana kwa takribani wagonjwa 9 kati ya 10 wa Hashimoto, na hupatikana pia kwa wagonjwa wengi wa Graves. Halafu kuna jambo linalowashangaza hata wauguzi. Zile kingamwili zinazokwenda kwenye kitasa cha TSH hazifanani zote. Zingine ni ufunguo bandia unaofungua. Zingine ni ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa, ambao haufungui na unazuia ule halali usiingie. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Mwaka huu zinazofungua zikizidi, anakonda na moyo unakimbia. Miaka mitatu baadaye zinazoziba zikizidi, au askari wa kubomoa wakiwa wamemaliza kazi, ananenepa na kusinzia. Wapo wachache wanaokwenda upande wa pili pia, wanaoanza na tezi iliyolala, wananywa dawa miaka mingi, kisha ghafla moyo unaanza kwenda mbio na dozi yao ya siku zote inakuwa sumu.

Na kuna mtego mwingine. Hashimoto yenyewe inaweza kuanza kwa kujifanya Graves. Nyumba inapobomolewa, akiba ya homoni iliyokuwa ghalani inamwagika kwenye damu yote kwa mpigo. Kwa wiki chache, au miezi miwili, mgonjwa anatetemeka na kukonda, kisha akiba ikiisha anashuka upande wa pili. Kwa akina mama jambo linalofanana na hili hutokea ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwa makadirio yanayotumika sana, huwapata wanawake kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanaojifungua. Anakosa usingizi, anakuwa na hasira, kisha anachoka kupita kiasi na kulia bila sababu, na nyumbani wanasema ni uzazi tu, au ni mwanamke mvivu. Mgonjwa wa namna hii akipewa kabimazoli haimsaidii, kwa sababu kabimazoli inazuia tezi kutengeneza homoni, na tatizo lake ni homoni iliyokwisha kutengenezwa inayovuja. Anachohitaji mara nyingi ni dawa ya kutuliza moyo kwa muda na kupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane.

Majina haya mawili yametutenganishia kitu kimoja kwa sababu ya historia tu. Robert Graves, daktari wa Dublin, aliandika mwaka 1835 kuhusu wanawake wenye moyo unaokwenda mbio na shingo zilizovimba. Wajerumani na majirani zao wanauita ugonjwa huo kwa jina la Basedow, aliyeandika mwaka 1840. Hakaru Hashimoto, kijana wa Kijapani, aliandika mwaka 1912, kwa Kijerumani, kuhusu wanawake wanne ambao tezi zao zilizokatwa zilijaa chembe nyeupe za damu. Alirudi kwao akawa daktari wa kawaida wa mji mdogo, akafa mwaka 1934 kwa homa ya matumbo, bila kujua jina lake litaandikwa kwenye vyeti vya wagonjwa wa Mugumu. Hakuna kati yao aliyejua habari ya kinga ya mwili kujishambulia. Hilo lilijulikana mwaka 1956, na ajabu ni kwamba lilijulikana kutoka pande tatu mwaka huo huo. Watafiti wa London walikuta kingamwili dhidi ya tezi kwenye damu ya wagonjwa wa Hashimoto, wenzao wa Buffalo, Marekani, waliweza kumsababishia sungura ugonjwa wa namna hiyo kwa kuchokoza kinga yake, na Adams na Purves wa New Zealand waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa tezi inayokimbia ina kitu kinachoisukuma tezi kwa muda mrefu kuliko TSH. Kitu hicho ndicho ufunguo bandia. Tangu wakati huo tunajua ni ukoo mmoja, lakini kwenye vyumba vyetu vya daktari bado tunamwandikia mgonjwa jina moja kama vile tunamfungia mlango.

Kwa hiyo, mama wa Sirari, usishangae kwamba wewe una Graves na mdogo wako ana Hashimoto. Mnachorithi ni mwelekeo wa kinga kuigeukia tezi. Sura itakayotokea hairithiwi kwa uhakika. Katika familia moja mama anaweza kuwa na hii, binti ile, na shangazi akawa na mabaka meupe ya ngozi tu, kwa sababu kikosi kilichochanganyikiwa hakikomei shingoni kila mara.

Sasa nije kwenye mambo yanayoua au kulemaza, maana ndiyo sababu ya kuandika.

La kwanza ni homa. Kabimazoli ni dawa nzuri, lakini kwa watu wachache sana inashusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Dalili yake ni homa na koo kuuma, pengine vidonda mdomoni. Sasa niambie, kwetu Kanda ya Ziwa mtu akipata homa anafanya nini? Anakwenda duka la dawa, ananunua dawa ya malaria, analala. Siku tatu baadaye amezidiwa, na hakuna aliyefikiria kabimazoli. Ukiwa kwenye dawa hii na ukapata homa au koo kuuma, acha kuimeza siku hiyo hiyo na uende hospitali kupimwa picha kamili ya damu. Pima na malaria pia, sikatai, lakini kipimo cha malaria kikionyesha unayo, bado chembe nyeupe zihesabiwe. Mwambie mhudumu kwa sauti: natumia dawa ya tezi. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ingeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kila pakiti inayotoka dirishani.

La pili ni mimba, na hapa naomba wasomaji wanawake wasome mara mbili. Kingamwili za Graves hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Zikimfikia, tezi ya mtoto nayo inaanza kukimbia. Na zinaweza kubaki kwenye damu ya mama hata baada ya tezi yake kukatwa au kuchomwa kwa mionzi. Mama huyu leo anakunywa homoni ya kuongeza, anajisikia mzima, karatasi yake ya TSH ni safi, na kliniki wanamwandika "tezi chini ya kiwango". Hakuna anayewaza kwamba aliwahi kuwa na Graves. Mtoto anazaliwa, siku za kwanza yuko sawa au anasumbua kidogo, kisha moyo unakwenda mbio, ananyonya kwa pupa lakini haongezeki uzito, macho yamekodoa, halali. Kama mama alikuwa bado anatumia kabimazoli, dalili zinaweza kuchelewa zaidi, hata wiki moja au zaidi, kwa sababu dawa iliyopita kwa mama ilikuwa inamlinda na sasa imeisha mwilini mwake. Wakati huo wamesharuhusiwa na wako nyumbani Nyamwaga au Nyamongo. Ni watoto wachache, kati ya 1 na 5 kwa kila mama 100 wenye historia ya Graves, na hali yenyewe hupita kingamwili za mama zikiisha, kwa kawaida ndani ya miezi michache. Lakini ndani ya miezi hiyo mtoto asiyetibiwa anaweza kufa kwa moyo kushindwa kazi.

Ndiyo maana nasema jina la zamani lisifutwe. Ukiwa na mimba, mweleze mkunga historia yote: niliwahi kuwa na Graves, mwaka fulani, nilitibiwa hivi. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yanasikilizwa kila hudhurio, na yakizidi 160 mara kwa mara hilo ni jambo la kumwita daktari. Kingamwili za kitasa cha TSH zinaweza kupimwa kwenye maabara kubwa katikati ya mimba, na zikiwa juu, mtoto anapangiwa azaliwe mahali penye daktari wa watoto. Kama unatumia kabimazoli na unapanga kushika mimba, nenda kwanza kwa daktari, kwa sababu katika wiki za mwanzo inaweza kuharibu maumbile ya mtoto na ipo dawa mbadala kwa kipindi hicho. Usiache mwenyewe kimya kimya: tezi inayokimbia bila dawa nayo inaharibu mimba.

Kwa wale wa upande uliolala, mimba inahitaji homoni zaidi mapema sana, mara nyingi robo zaidi ya dozi ya kawaida, kwa sababu katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unategemea homoni ya mama. Ukikosa hedhi, usisubiri mwezi wa nne ndipo uanze kliniki. Na kuna jambo dogo linaloharibu matibabu ya akina mama wengi. Levothairoksini inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya madini chuma mnavyopewa kliniki vikimezwa pamoja nayo vinaishika tumboni isiingie mwilini. Tenganisha kwa saa nne. Meza homoni alfajiri, madini chuma meza jioni. Mama akifanya kinyume, TSH inabaki juu, anaongezewa dozi bila sababu, na siku akimaliza vidonge vya madini chuma dozi ile inakuwa kubwa mno kwake.

La tatu ni watoto na vijana, na hapa nafika kwa binti wa miaka 13. Mtoto ambaye tezi yake inakimbia hatasema moyo unakwenda mbio. Mwalimu atasema hatulii darasani, mwandiko umeharibika, alama zimeshuka, anagombana. Ambaye tezi imelala atakuwa mpole, ataitwa mtoto mzuri, na hakuna atakayegundua kwamba sare yake ya darasa la tano bado inamtosha akiwa la saba. Mtoto kuacha kurefuka ni dalili kubwa kuliko kunenepa. Mpime urefu kwenye fremu ya mlango, weka alama, rudia baada ya miezi sita. Msichana akichelewa kuvunja ungo, au hedhi ikawa nzito kupita kiasi, tezi ipimwe. Watoto wenye kisukari cha kutumia insulini nao wapimwe tezi mapema na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, kwa sababu kisukari cha aina hiyo na tezi ni ndugu. Watoto wenye ugonjwa wa Down vivyo hivyo.

Nimesema kikosi hakikomei shingoni. Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambaye picha zake zote zinamwonyesha kijana mwenye afya, alikuwa na ugonjwa wa Addison, yaani tezi zilizo juu ya figo zimeshindwa kazi, na thairoidi yake nayo ilikuwa chini ya kiwango. Dada yake Eunice pia alikuwa na Addison. Simtaji kwa ajili ya mapambo. Mtu mwenye matatizo hayo mawili kwa pamoja akianzishiwa homoni ya thairoidi kabla ya kutibiwa figo zake za juu, anaweza kuanguka na kufa. Kwa hiyo ukiambiwa tezi imelala, na wakati huo huo unakonda, unatamani chumvi, presha iko chini, unatapika na ngozi inazidi kuwa nyeusi kwenye viungo vya vidole na fizi, sema. Kunenepa ndiko kunakotarajiwa kwa tezi iliyolala, kukonda kunahitaji maelezo.

Chumvi sasa. Najua Tarime mna sababu ya kuuliza. Wakubwa wenu wanakumbuka katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa wilaya hii walipopooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu mihogo michungu iliharakishwa bila kulowekwa na kukaushwa vya kutosha. Sumu ile ile ya mihogo, mwili ukijitahidi kuiondoa, inageuka kitu kinachozuia tezi kupata madini joto. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti walionyesha miaka mingi iliyopita jinsi mihogo na upungufu wa madini joto vinavyoshirikiana kutengeneza goita. Kwa hiyo goita ya njaa ya madini joto ni ya kweli, na ndiyo iliyofanya Tanzania iamue katika miaka ya 1990 kwamba chumvi ya kula iwekwe madini joto. Uamuzi ule umewaokoa watoto wengi na udumavu wa akili, na simshauri mtu yeyote, mwenye Graves au Hashimoto, aondoe chumvi hiyo nyumbani kwake.

Lakini shingo iliyovimba kwa sababu ya kinga kujishambulia haiponi kwa kuongezewa madini joto. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 madaktari wa Kivu na Zimbabwe waliripoti tezi zinazokimbia zikiongezeka baada ya madini joto kuingia kwa wingi mahali palipokuwa na njaa yake ya muda mrefu. Kula chumvi kama wengine wanavyokula. Usinunue matone ya madini joto, unga wa mwani au vidonge vya "kusafisha tezi" vinavyouzwa mnadani na kwenye simu. Na kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, acha siku mbili tatu kabla ya kupimwa, kwa sababu vinaweza kuipotosha mashine mpaka ikaandika Graves mahali pasipo na Graves.

Mnajua nani ninayemlaumu? Sio daktari aliyetaja Graves wala aliyetaja Hashimoto. Namlaumu yule anayempa mgonjwa ruhusa ya kuondoka moja kwa moja. Mgonjwa wa Graves akimaliza vidonge vyake vya mwaka mmoja na nusu, karibu nusu ya wenzake watarudiwa na tezi inayokimbia, na wengine, kama wewe mama, tezi italala baadaye. Aliyetibiwa kwa mionzi, kama inavyofanyika Ocean Road, kwa kawaida tezi yake italala, na hilo ni tarajio la tiba, siyo makosa ya tiba. Hakuna kati ya hawa anayestahili kuambiwa "umepona, usirudi". Aambiwe: TSH yako ipimwe kila mwaka ukiwa huna dalili, na ndani ya miezi michache baada ya kila uzazi. Hospitali ya wilaya isiyo na kipimo cha kingamwili bado inaweza kupeleka sampuli ya TSH, na kwa mgonjwa anayejulikana, TSH peke yake inatosha kuonyesha kwamba upepo umebadilika.

Na nawalaumu kidogo wagonjwa. Karatasi ya majibu mnaifungia maandazi. Nunua daftari la kurasa 40, gundisha kila karatasi humo, andika tarehe, dawa na uzito wako. Daktari mpya akikuta TSH ya miaka sita kwa mfululizo ataelewa kwa dakika mbili kitu ambacho bila daftari atatumia miezi mitatu kukitafuta, kwa nauli yako.

Mama wa Sirari, hii ndiyo kazi yako ya mwezi huu. Levothairoksini usiiache. Rudia TSH wiki sita hadi nane tangu uanze, kwa sababu kabla ya hapo kipimo kinadanganya. Moyo ukianza kwenda mbio tena, usikate dozi kwa kubahatisha, kapime. Macho yakivimba, kuuma au kuona vitu viwili viwili, hata kama tezi imelala, nenda haraka, maana ugonjwa wa macho wa Graves haufuati ratiba ya tezi. Kama kuna anayevuta sigara nyumbani, avutie mbali na wewe. Mwandikie mdogo wako wa Mugumu kwamba naye, akianza kukonda na kutetemeka siku yoyote, asikubali kuambiwa "wewe ni wa Hashimoto, haiwezekani".

Binti usimpe dawa yako, hata nusu kidonge, na usimpake kitu shingoni. Shingo ya msichana wa miaka 13 inaweza kujaa kidogo kwa sababu ya kubalehe tu. Mpeleke likizo hii hospitali ya Mji wa Tarime, apimwe urefu, uzito, mapigo ya moyo na TSH, na useme wazi kwamba mama ana Graves na mama mdogo ana Hashimoto. Majibu yakiwa ya kawaida, yagundishe kwenye daftari lako, ukurasa wake peke yake, na umrudishe baada ya mwaka.